Sampuli zetu zinapanda ndege leo leo, chanjo tunaisubiri miaka. TUMECHOKA!

Wakuu habari za jioni.

Nimetoka kazini sasa hivi na nina hasira kwelikweli. Mimi ni mtu wa maabara hapa Moshi, mwaka wa tisa huu natoa watu damu napaki vijichupa kwenye boksi la barafu kavu, gari inakuja inalibeba mpaka uwanja wa ndege wa KIA na ndo imetoka hiyo, ukiuliza majibu unaambiwa hayakuhusu. Mwaka juzi bibi mmoja wa Uru alirudi akaniuliza, "mwanangu, ile damu yangu mlioipeleka Ulaya imesemaje?" Nilikosa la kumjibu wakuu, mpaka leo inaniuma.

Na siku hizi wenye viwanda vya chanjo huko nje hata kijichupa hawakihitaji, wanatumiwa taarifa za vinasaba vya kirusi kwenye kompyuta kiwanda kinaanza kazi.

Angalieni mpox, ile homa ya nyani. Mgonjwa wa kwanza aligundulika Kongo 1970, 2022 ikaingia Ulaya na Marekani watu wao wakachanjwa fasta, Wakongo shehena yao ya kwanza imetua Kinshasa Septemba 2024!! Watoto wangapi wameenda hapo katikati?

Indonesia 2007 waligoma kutoa sampuli za mafua ya ndege baada ya kuona kampuni ya nje inatengeneza chanjo kwa kirusi chao, chanjo ambayo wao wasingeimudu. Walisemwa vibaya sana ila mgomo ule ndo ulizaa utaratibu wa WHO (Shirika la Afya Duniani) wa 2011 wa kugawana faida, tatizo unahusu mafua tu.

Sasa mkataba wa majanga ya magonjwa umepita Geneva Mei 2025, likitokea janga viwanda vilivyojiunga vitenge asilimia 20 ya chanjo na dawa zao, angalau asilimia 10 iwe bure. Lakini kipengele cha sampuli, yani nani anatoa na anarudishiwa nini, ambacho ndo roho ya mkataba, kikawekwa kiporo kijadiliwe baadaye! Yani hata hiyo 20 ya kugawana nchi zote maskini mnavutana?

Na asije mtu hapa kusema nataka tufiche magonjwa. Mlipuko wa homa ya Marburg wa Kagera 2023 ulitakiwa utangazwe haraka, hilo sina ugomvi nalo kabisa. Ninachotaka sampuli isivuke mpaka bila karatasi yenye sahihi inayosema chanjo ikipatikana sisi tunapata ngapi, kwa bei gani, na vijana wetu wangapi watafundishwa kuitengeneza.

Wenzangu wa maabara Arusha na Mwanza, nyie huwa mnaonyeshwa hiyo karatasi kabla hamjapaki?