Uyoga umeota kwenye ukoka, mama mkwe kashauosha. Nifanyeje?

Mamu_wa_Moro: Wakuu, mvua za juzi zimeotesha uyoga mweupe uani. Kofia pana kama sahani, juu ina magamba ya kahawia, shina lina pete. Mama mkwe yuko kwangu wiki hii, anasema ni uleule wa kichuguu aliokula tangu utotoni. Uko kwenye sufuria tayari. Mimi moyo unasita, na kumwambia mkwe "usile" nayo kazi.

BabuMchwa: Mwanangu, zima jiko kwanza. Wa kichuguu una mzizi mrefu unaoshuka mpaka kwenye kiota cha mchwa, maana wao ndio wanaoulima. Katikati ya kofia una kinundu kigumu, ndicho kilichopasua udongo. Ng'oa mmoja uliobaki. Shina limeishia kwenye kibonge tu? Pete inapanda na kushuka ukiisukuma? Basi naushuku.

Kata kofia iliyofunguka, ilaze kifudifudi kwenye karatasi nyeupe, funika na bakuli mpaka asubuhi. Ukikuta vumbi la kijani, huo ni Chlorophyllum molybdites, uyoga wenye sumu. Wa mchwa huacha vumbi la waridi iliyofifia. Mikunjo ya chini ya kofia isikudanganye, ukiwa mchanga ni myeupe pee. Ukijani huja baadaye. Mimi niliponzwa hapohapo. Saa mbili baada ya ugali sikutoka chooni tena.

kitunguu_swaumu: Kwetu tunachemsha na kitunguu saumu, kikigeuka rangi ni sumu. Na ukiona umeliwa na wadudu, hauna neno.

BabuMchwa: Hiyo iacheni jamani. Konokono hula Amanita phalloides akaenda zake, na huo unaua mtu. Kuchemsha hakuondoi sumu yake. Halafu hauna haraka: zinaweza kupita saa 6 hadi 12 ndipo tumbo lianze kuuma, kisha unapata nafuu ya uongo huku ini linaharibika. Aliyekula uyoga asiousadiki aende hospitali na mabaki yake, asisubiri kutapika.

Mamu_wa_Moro: Mrejesho. Jana tulikula mchicha, mama kanuna. Asubuhi tumefunua bakuli pamoja: kijani kabisa! Kaitazama karatasi, kaikunja, kaitia kwenye mkoba. Anataka kumwonyesha dada yake Kilosa.