Mashine ya kujiunganishia, kwa kazi ya pesa: Hackintosh (macOS ya Apple kwenye kompyuta isiyo yao), Windows au Linux?

Katuba_Video
Jambo wote. Nahariri video za harusi na za kwaya hapa Lubumbashi. Mashine niliiunganisha mwenyewe: i7-7700, RAM GB 32, kadi ya picha RX 580, vipande vingine vilipita mpakani Kasumbalesa ndani ya mfuko wa shemeji. Sasa kila mlango umefungwa nusu. Windows 10 iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 haiitaki prosesa yangu, kwa Intel inaanzia kizazi cha 8. Rafiki ananisukuma niweke macOS nipate Final Cut, programu ya Apple ya kuhariri video. Ninyi mnaopata chakula kwenye mashine kama hizi, mnasemaje?

FundiRuashi
RX 580 ni bahati yako, macOS inaitambua bila kubembelezwa. Ungekuwa na Nvidia ya karibuni ningekwambia sahau, ziliachwa tangu macOS Mojave ya 2018. Soma OpenCore, programu ya kuwashia macOS kwenye mashine kama yako, siku mbili tatu; usikopi faili zake za kuwashia (EFI) za mtu mwingine. Ikikaa, inakimbia.

YayaMontage
Mdogo wangu, inakimbia kweli. Mimi nimeifanyia kazi miaka mitatu. Lakini ngoja nikueleze Ijumaa moja. Saa kumi na moja jioni kimekuja kidirisha cha sasisho, nikabonyeza bila kufikiri, nikaenda kupika bukari (ugali). Kurudi: tufaha jeupe la Apple, mstari chini yake umefika robo tatu, basi. Nikazima, nikawasha, palepale. Harusi ilikuwa ya kukabidhi Jumamosi asubuhi. Mama wa bibi harusi alinipigia mara sita, ya saba sikupokea. Kilichoniokoa ni fleshi yenye EFI ya zamani, niliyokuwa nimeitupa ndani ya kopo la maziwa pamoja na skurubu. Saa nane usiku ndiyo mashine ilifunguka.

Tangu hapo: sasisho la kujiendesha nimelizima, video za wateja ziko diski ya pembeni, na sigusi kitu kazi ikiwa mezani.

Jambo lingine ambalo rafiki yako hakukwambia. Apple walitangaza Juni 2025 kwamba Tahoe ndiyo macOS ya mwisho kwa mashine za Intel. Unajenga kwenye kiwanja cha kupanga, na mwenye kiwanja ameshataja siku. Leseni yao pia hairuhusu macOS nje ya kompyuta zao.

Compta_Kamalondo
Hapo kwenye leseni. Mimi ni mtu wa hesabu za OHADA (kanuni za uhasibu za nchi kadhaa za Afrika), programu yangu ni ya Windows tu, kwa hiyo nililazimisha Windows 11 kwa Rufus, programu ya kutengeneza fleshi ya kusakinisha, kwenye i5 ya kizazi cha 6. Inafanya kazi, ila Microsoft hawaahidi kuiletea masasisho, na toleo kubwa la mwaka naliweka kwa mkono. Siku mteja mmoja wa upande wa migodi aliponiuliza kwa maandishi kama mashine zangu ziko sawa, nilikaa na ile barua siku mbili. Nikanunua kompyuta ya ofisi iliyotumika, kwa ajili yake yeye tu.

Mutu_wa_Linux
Mbona mnajitesa? Linux Mint na Kdenlive ya kuhariri video, umemaliza. Ila ukizoea DaVinci Resolve, programu nyingine ya kuhariri, ujue ile ya bure kwenye Linux haifungui video za aina ya H.264, na kamera nyingi za harusi zinatoa hiyohiyo. Utageuza faili kwanza, na diski itajaa upesi.

Katuba_Video
Aksanti sana. Yaya, hiyo ya kopo la maziwa nimeicheka halafu nikaogopa. Kwa sasa naandikisha Windows 10 kwenye ule mwaka wa nyongeza wa masasisho ya usalama, unafika Oktoba 2026. macOS nitaijaribu kwenye diski ndogo ya GB 240, si kwa kazi ya mteja. Pesa ikikaa, natafuta Mac mini ya M1 (prosesa ya Apple wenyewe) iliyotumika.

YayaMontage
M1 ya RAM GB 16, si 8. RAM yake haiongezwi baadaye.

FundiRuashi
Na siku ya kujaribu, chomoa kebo ya diski ya Windows kabisa. Usijiamini kwamba utachagua diski sahihi usiku wa manane. Wi-Fi yako ni kadi gani? Kama ni Intel, AirDrop, ile ya Apple ya kutumiana faili bila waya, usiitegemee.

Katuba_Video
Intel. Basi nitavuta waya.