Mrejesho: pikapu ya dizeli iliyokuwa inagoma asubuhi

Wakuu, niliuliza kuhusu pikapu yangu ya dizeli inayogoma kuwaka asubuhi za baridi hapa Njombe, inatoa moshi mweupe tu, ila mchana injini ikiwa ya moto inawaka mara moja. Fundi alishataka kushusha pampu na nozeli za mafuta. Ahsanteni sana mlionizuia! Tumeanza na hita plagi (vile vipasha joto vya silinda kabla ya kuwasha injini ya dizeli): tukafungua kipande cha bati kinachoziunganisha, tukapima moja moja kwa mita. Mbili zilisoma karibu omu 1, yaani nzima, mbili zimekatika kabisa. Rilei (swichi inayozipa plagi umeme) inapeleka umeme vizuri. Nimebadilisha zote nne. Leo alfajiri nimesubiri taa ya koili kwenye dashibodi (inayoonyesha plagi zinapasha) izime, nikapiga stata, ikawaka papo hapo.