Faili za ~$ na zingine za majina ya ajabu kwenye folda ya ritani, nifute ama niache?

mchora_ramani

Habari zenu wadau. Mimi hufaili ritani (taarifa ya kodi ya mwaka) kwa ile fomu ya Excel ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, kwa sababu mbali na mshahara nina kazi za pembeni za kuchora ramani za nyumba, kwa hivyo ile fomu fupi ya watu wa mshahara pekee hainifai. Sasa nilikuwa najaza stima ikapotea na betri ya leptopu ni ya jina tu, ikazima hapo hapo. Stima iliporudi nafungua folda nakuta imejaa vitu ambavyo sijaweka mimi. Kuna faili jina lake ni kama la fomu lakini inaanza na ~$ na imefifia, kuna nyingine haina hata jina la maana, ni namba na herufi nane tu zimechanganywa, kuna nyingine imeandikwa Backup of halafu mwisho wake ni xlk, na kuna faili mbili za zipu zina PIN yangu (namba ya kodi) na tarehe na saa ndani ya jina.

Na nikifungua fomu yenyewe inaniambia imefungwa, inatumiwa na mtu, nikisoma jina la huyo mtu ni mimi!

Hizi vitu zinawekwa na nani, ni KRA, ni Excel ama ni virusi? Nikizifuta ritani yangu itaenda nazo? Na kile nilikuwa nimejaza kabla stima ipotee kiko wapi, maana sehemu ya biashara nilikuwa karibu kuimaliza. Natumia Windows 10 na Excel ya 2016.

karani_wa_hesabu

Si virusi, tulia kwanza na usifute kitu hadi umalize kusoma hapa.

KRA haijaweka chochote kwa mashine yako isipokuwa zile zipu, na hata hizo ni fomu imezitengeneza, nitazifikia. Hizo zingine zote ni Excel. Ile fomu ni Excel ya kawaida iliyotiwa makro (amri ndogo zinazojiendesha ndani ya faili), kwa hivyo takataka zote za Excel utazipata pia.

Ya ~$ haina data yako hata kidogo. Iangalie ukubwa, nyingi huwa ni baiti 165 tu. Kazi yake ni kushikilia jina la aliyefungua faili, ili mwingine akija kuifungua aambiwe ina mtu. Ukifunga Excel vizuri inajifuta yenyewe, lakini stima ikikatika hakuna wa kuifuta, ndiyo maana unaambiwa inatumiwa na wewe. Kwa kawaida hufichwa, wewe unaiona kwa sababu mashine yako imewekwa kuonyesha faili zilizofichwa. Funga Excel yote, ingia Task Manager uhakikishe hakuna Excel nyingine imebaki inatembea kimya kimya, kisha hiyo ifute bila wasiwasi.

Ile ya herufi nane ndiyo ya kuheshimu. Unaposevu, Excel haiandiki juu ya faili yako moja kwa moja, inaandika kila kitu upya kwenye faili ya muda yenye jina la kubahatisha kwenye folda hiyo hiyo, ikimaliza inaondoa ya zamani na kuipa hii mpya jina la ile ya zamani. Sasa ukikatika katikati ya kusevu ndiyo inabaki hapo na jina lake la ajabu. Inaweza kuwa nzima, inaweza kuwa nusu, inaweza kuwa tupu. Ukubwa wake ukikaribiana na wa fomu, ikopi mahali pengine, kopi hiyo uipe mwisho wa jina ule ule ulio kwa fomu yako kisha ujaribu kuifungua. Ikiwa kilobaiti 0 achana nayo.

Ya xlk ni kwamba kuna mtu aliweka alama ya kutaka bakapu kila anaposevu, iko ndani kabisa kwenye dirisha la Save As chini ya Tools, General Options. Hiyo ni fomu yako ilivyokuwa kabla ya kusevu mara ya mwisho. Inafunguka kwa Excel kama kawaida.

Lakini ulichokuwa unajaza wakati stima inapotea, kama hukuwa umekisevu, hakiko katika hizo zote. Tafuta hapa: bonyeza Windows na R, andika %appdata%\Microsoft\Excel kisha Enter. Mipangilio ya Excel isipobadilishwa, hujihifadhia nakala kila dakika 10. Au ndani ya Excel nenda File, Info, Manage Workbook, Recover Unsaved Workbooks, ingawa huko ni zaidi kwa zile ambazo hazijawahi kusevwa kabisa, na hukaa siku 4 tu halafu zinafutwa. Kwa hivyo usiseme utaangalia wikendi.

Zipu sasa. Ukibonyeza Validate (kitufe cha kukagua fomu) na fomu ikikosa makosa ndiyo inakutengenezea zipu, na hiyo ndiyo unapandisha iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni. Ulivalideti mara mbili ukapata mbili, basi. Usidhani ya mwisho ndiyo iliyoenda, linganisha saa iliyo kwa jina na saa ya risiti yako. Na kuwa na zipu si kufaili! Kila mwaka napokea mtu anayeniambia "nilifaili, zipu hii hapa" na iTax haina habari naye. Kama umeshapandisha, ritani iko kwa mfumo wao na hata ukichoma leptopu haiendi popote.

dada_wa_saiba

karani amesema yote ya muhimu, mimi naongeza ya huku saiba (duka la kompyuta na intaneti) kwa sababu mwezi wa sita hapa huwa ni vita.

Watu wakidaunlodi fomu inakuja ndani ya zipu. Wengi hawaifungui ile zipu wakaitoa fomu nje, wanaklik mara mbili humo humo ndani wanaanza kujaza. Hapo Windows inaitoa fomu kichinichini na kuiweka kwa folda ya Temp ndani ya kifolda kinachoanza na Temp1_ halafu jina la zipu. Mtu anajaza weee, akisevu anaambiwa ni ya kusoma tu, ama anaisevu bila kuangalia ni wapi, kisha anarudi kwa ile zipu anaifungua anakuta fomu haina kitu anaanza kulia. Ukiona hivyo andika %temp% pale kwa Windows na R, panga kwa tarehe, tafuta hicho kifolda kabla mtu hajasafisha mashine.

La pili ndilo linaniudhi. Mnaacha maisha yenu kwa kompyuta zetu! Ile fomu ina PIN, mshahara, akaunti ya benki, wengine na PIN ya mke au mume. Mteja anafuta fomu kwa desktop anaona amemaliza, kumbe iko kwa risaiko bin, zipu iko kwa folda ya Documents, nakala iko Temp, na ukifungua Excel jina la faili liko pale pale kwa orodha ya za karibuni. Nyumba za saiba zenye mpangilio husafisha mashine kila mteja akiondoka, lakini wewe usingoje hisani ya mtu. Futa kwa Shift na Delete isipite risaiko bin, angalia Downloads, Documents na Temp, kisha utoke iTax na usikubali brauza ikuhifadhie pasiwadi.

mzee_wa_linux

Sisi tusio na Excel tunaotumia ile fomu ya ods kwa LibreOffice, yetu inaitwa .~lock halafu jina la faili na alama ya # mwisho. Kazi ni ile ile ya ~$, ukiifungua na notepad utaona jina lako, jina la kompyuta na saa uliyofungua. Nayo ikibaki baada ya mashine kuzima unaifuta tu. LibreOffice yenyewe ukiiwasha baada ya kuzimika vibaya inakuuliza kama urejeshewe, sema ndiyo, watu wengi wanabonyeza kufuta kwa haraka yao.

mhasibu_kkoo

Wakuu salama? Mimi niko Dar, nimepita tu, ila naomba niweke tahadhari maana mtu akishazoea kufuta faili za ajabu anaweza kufuta hadi za hatari. Kama vitabu vyako viko QuickBooks (programu ya hesabu za biashara) ya kwenye kompyuta na ndiko unatoa hesabu za VAT, utaona pembeni ya faili kuu ya QBW kuna nyingine inaishia ND na nyingine TLG. ND ni ya mipangilio ya mtandao, ikifutika itatengenezwa tena. TLG usiiguse! Ile inaandika kila muamala tangu bakapu yako ya mwisho, faili kuu ikiharibika ndiyo inayoweza kukuokoa ukiwa nayo pamoja na bakapu ya QBB. Ikiwa kubwa mno dawa yake ni kufanya bakapu kamili kwa utaratibu wa programu yenyewe, sio kuikamata na kuitupa. Nimeona ofisi moja kijana wa IT amesafisha seva akawa anajisifu ameokoa nafasi.

mchora_ramani

Asanteni sana jamani. Ya herufi nane ilikuwa kilobaiti 0 nimeitupa. Ya xlk imefunguka lakini ni ya zamani. Ila kule %appdata% nimepata nakala ina sehemu ya biashara karibu yote, imebaki mistari michache tu ya gharama!!

karani, naweza kuendelea kujaza kwa hiyo hiyo iliyookolewa? Na hizi zingine nikae nazo muda gani?

karani_wa_hesabu

Mimi nisingeendelea nayo. Faili ya kuokolewa wakati mwingine makro zake hazifanyi kazi sawa, Validate ikagoma na usijue ni kwa nini. Ingia iTax udaunlodi fomu mpya, kwa sababu wakibadilisha toleo na wewe ukapandisha la zamani itakataliwa tu, itoe nje ya zipu kama dada alivyosema, uweke ile iliyookolewa pembeni na uhamishe namba kwa mkono. Usifanye kukata na kubandika, unavuruga fomula za ndani.

Za muda tupa zote ukishapata risiti. Za kuweka ni zipu iliyopandishwa, fomu yake iliyojazwa, risiti ya PDF, P9 ya mwajiri (fomu ya mshahara na kodi uliyokatwa kwa mwaka), vyeti vya kodi uliyokatwa na wateja wako wa ramani, pamoja na stakabadhi za gharama. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu ziwekwe miaka 5, na stakabadhi za gharama ndizo watu hutupa mapema halafu wakiulizwa wanashika kichwa. Weka kwa flashi na mahali pengine tena, flashi peke yake usiiamini.

Na ufanye mapema. Tarehe 30 Juni ikipita ni faini ya shilingi 2,000 ama asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa, na wewe mwenye biashara ya pembeni asilimia 5 inaweza kuzidi hizo elfu mbili.

mkenya_minnesota

Huku Marekani ni yale yale, majina tu yanabadilika. Nikitumia programu ya ritani ya TurboTax ya kwenye kompyuta ritani inasevwa na mwisho wenye mwaka, kama tax2023, na hiyo ndiyo ya kuweka bakapu pamoja na PDF, kwa sababu ile faili bila programu ya mwaka wake haikusaidii kuisoma. IRS, yaani KRA ya huku, kwa kawaida husema kumbukumbu ziwekwe miaka 3. Ndugu yangu mmoja alikuwa ameweka bakapu ya ritani kwa kompyuta ile ile moja, folda tofauti.

dada_wa_saiba

@mkenya_minnesota hiyo si bakapu hiyo ni nakala inayongoja kufa na mwenzake 😂

@mchora_ramani ukimaliza na hiyo iliyookolewa ikumbuke pia kuifuta kule %appdata%, hasa kama leptopu unagawana na mtu.