Sura ya mkimbizi: mwandishi aionyeshe au aifiche?

Wakuu, salaam kutoka Kigoma.

Juzi pale Mwanga nilibishana na mwenzangu wa kazi, mpiga picha, hadi chai ikapoa mezani. Hoja yake ni kwamba habari ya mkimbizi isiyo na sura wala jina haina uzito; msomaji wa Dar anaipita na kufungua ukurasa wa michezo. Akanitajia mpiga picha Mohamed Amin. Nimelala nalo siku mbili, nikaona nililete hapa tulijadili.

Amin simpingi. Mzaliwa wa Nairobi, akaanzisha Camerapix hapo Dar es Salaam mwaka 1963, na Oktoba 1984 akaingia Korem, Ethiopia, na kamera yake. BBC ilipozionyesha picha zile za njaa tarehe 23, misaada iliyokuwa ikisuasua ikaanza kumiminika. Mwaka 1991 bohari la silaha lililipuka Addis Ababa, akapoteza mkono wa kushoto, na bado akarudi kazini akiwa na mkono wa bandia. Nani atathubutu kumwambia mtu huyo kwamba alikosea kuonyesha nyuso za wenye njaa?

Lakini njaa haimtafuti mtu kwa jina. Anayekimbilia kwetu Kigoma mara nyingi anakimbia watu, na watu hao wana simu na redio.

Mei 2015 nilikuwa uwanja wa Lake Tanganyika. Warundi waliokimbia kwao walikuwa wakiletwa na meli ya MV Liemba kutoka Kagunga, kijiji ambacho wakati ule kilikuwa hakifikiki kwa gari, ambako maelfu kwa maelfu walikuwa wamelala ufukweni na kipindupindu kimeshaingia. Mama mmoja nilimwekea kinasa sauti. Kiha changu na Kirundi chake vilielewana bila mkalimani, akanifungukia: jina lake, mlima anakotoka (Mrundi hutaja kwao kwa mlima, kama sisi tunavyotaja kijiji), na nani aliyemgongea mlango usiku ule. Habari ikarushwa yote, na nilijiona nimefanya kazi. Siku ya tatu akanifuata. "Mume wangu bado yuko kule. Umewaambia nilipo na nilichosema." Sikuwa na jibu, na hadi leo sijui yule mume aliishia wapi.

Mtasema alikubali kuhojiwa. Ndiyo, alikubali. Lakini mtu ambaye tangu asubuhi anapangwa foleni, mara aandikishwe, mara apimwe, mara apewe sahani, kila mwenye kalamu anamwona ni mtu wa mgao. Angenikataliaje? Nilimwuliza kama naweza kurekodi, sikumwambia sauti yake ingesikika hadi wapi. Hayo ni maswali mawili, na mimi niliuliza lililo jepesi.

Kwa hiyo msimamo wangu: sura, jina na mlima vifichwe, mpaka mwenyewe aseme vitoke, na aseme baada ya kulala na kula, akiwa amesikiliza rekodi yake. Sauti nayo. Mrundi wa Makamba anamtambua mtu wa kwao kwa maneno matatu tu.

Sitaki nieleweke vibaya. Neno hilihili "kuwalinda" hutumika kufunga geti. Kuingia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, au ya Nduta kule Kibondo, kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, na nyakati ngumu ndipo kibali kinapochelewa. Novemba 2020 shirika la haki za binadamu, Human Rights Watch, lilieleza habari za Warundi waliotoweka na kuteswa hapahapa mkoani kwetu. Jambo la namna hiyo likinyamaziwa kwa kisingizio cha kuwalinda, anayelindwa ni mtesaji.

Nimeona mchangiaji mmoja ameshaniuliza: mbona mwandishi mwenzetu Azory Gwanda tunamtaja kila mwaka? Swali zuri, na linanibana. Azory alitoweka Kibiti Novemba 2017 akifuatilia mauaji ya kule. Jean Bigirimana, mwandishi wa gazeti la Iwacu la Burundi, alitoweka Burundi Julai 2016. Hao nasema watajwe, picha zao zibandikwe, kwa sababu aliyewachukua anawajua tayari. Kumficha aliyepotezwa ni kumsaidia aliyempoteza. Hapo mwenzangu wa kamera yuko sahihi kabisa, na nimeshampigia simu kumwambia.

Kinachonishinda kipo katikati. Mkimbizi anachukuliwa usiku, kaka yake anakuja kwako anataka jina liandikwe leo hii kabla hajapelekwa mbali. Mkewe yumo kambini na watoto, anakusihi usiandike. Wote wawili wanampenda, na wote wawili wana hofu ya kweli. Ninyi mliokuwa Kibondo miaka ile ya 2019 na 2020, mlimsikiliza nani?