Bibi ninayemhudumia na harusi ya Luke na Laura: ni kweli ilianza vile?

MamaTunu_Columbus

Wakuu, salaam. Najua wengi humu ni watu wa tamthilia za Kituruki, ila mnivumilie, swali langu ni la kizee zaidi.

Mimi ni mbeba boksi hapa Columbus, Ohio, mwaka wa sita huu. Nyumbani nilikuwa nesi wa zahanati upande wa Muheza. Huku namhudumia bibi mmoja wa Kimarekani nyumbani kwake: namwogesha, nampikia, namhesabia vidonge. Ana miaka 79. Miguu imegoma, ulimi mzima kabisa. Mchana akishamaliza supu yake, nyumba inatulia kama kuna msiba. Nisioshe vyombo, nisipokee simu. Ni saa ya General Hospital, tamthilia yao ya mchana ya hospitali.

Mwanzoni niliidharau kweli kweli. Hospitali gani haina foleni? Manesi hawajavurugika nywele tangu asubuhi, hakuna anayejaza faili, na daktari akitoka kumpasua mtu anaingia stoo ya dawa kukumbatiana na mke wa daktari mwenzake. Nikawa nakaa tu kwa sababu ndiyo kazi. Miezi mitatu baadaye nikajikuta siku yangu ya mapumziko naitafuta mwenyewe kwenye simu, nasonga ugali huku nimeiegemeza kwenye kopo la chumvi. Ndiyo hivyo, nimenaswa.

Sasa bibi ana kanda ya video. Anaiweka droo moja na cheti chake cha ndoa na vyeti vya ubatizo vya watoto. Juu kaandika kwa kalamu: Luke na Laura, Novemba 1981. Deki iliharibika zamani, kanda haichezi popote, lakini huitoa akanionyesha kama watu wanavyoonyesha albamu. Ni harusi ya wapenzi wa tamthilia hiyo. Siku ilipoonyeshwa alidanganya kazini kwamba mtoto anaumwa, wakajazana wanawake tisa sebuleni kwake, mmoja kaoka keki. Anasema Elizabeth Taylor mwenyewe, yule nyota wa sinema, alikuwepo, akawalaani maharusi. Akifika hapo kwenye laana hucheka mpaka anakohoa, nami namletea maji.

Jumapili iliyopita binti yake alileta mahitaji. Bibi akaanza tena habari ya harusi. Binti, hata mfuko wa viazi hajautua, akasema: "Mama, yule mwanamume alimbaka. Kwenye sakafu ya disko. Na ninyi mkaoka keki." Bibi akageukia dirishani. Mimi nikajifanya nasafisha friji.

Tangu siku hiyo hajaitoa kanda. Naombeni mnaojua: ni kweli? Na huyu Nikolas Cassadine wanayemtaja kila mara, mbona ni mtoto wa Laura lakini si wa Luke? Nimejaribu kumuuliza bibi, kaniambia nisubiri matangazo, matangazo yakaisha, akanyamaza.

Mzee_wa_Antena

Mama Tunu, ni kweli. Binti hajamsingizia mtu.

Nilifika New Jersey kusoma mwaka 1980, na koti la kuazima. Bweni letu lilikuwa na televisheni moja sebuleni. Nilidhani pale mchana watu wanatazama taarifa ya habari, kumbe ni hii. Wavulana wa uhandisi, vifua hivi, wamekaa sakafuni wanabishana kuhusu Laura. Mwaka uliofuata jarida la Newsweek likawaweka Luke na Laura kwenye jalada. Kwa hiyo huyo bibi na wenzake tisa hawakuwa peke yao.

Ili uelewe, rudi nyuma. Tamthilia ilianza tarehe 1 Aprili 1963, nusu saa tu, nyeusi na nyeupe. Alikuwepo Daktari Steve Hardy na nesi Jessie Brewer na mapenzi ya kizamani ya korido. Ilipofika mwishoni mwa miaka ya sabini ilikuwa inakata roho. ABC, kituo kinachoirusha, wakamleta mama mmoja, Gloria Monty, mwaka 1978, wakampa wiki 13 aifufue au izikwe. Akakaza mwendo, akawapa vijana nafasi. Laura alikuwa mmoja wao, binti wa Daktari Lesley Webber. Na huyo Laura mwenyewe ni siri ya familia inayotembea: Lesley aliaminishwa mtoto wake alikufa alipozaliwa, kumbe analelewa na watu wengine.

Oktoba 1979. Luke Spencer ni kibaraka wa jambazi mmoja, Frank Smith, ameagizwa kumuua mwanasiasa na anaamini naye hatatoka hai. Anasimamia disko. Laura anafanya kazi hapo, ni mke wa Scotty Baldwin, ni msichana tu. Genie Francis aliyemwigiza alikuwa na miaka 17. Usiku, wako wawili, muziki unalia. Laura anasema hapana. Luke hakusikia, au alisikia. Baadaye Laura alijua fika ni nani, na hakumtaja.

Basi pale pangeisha. Lakini Anthony Geary aliyemwigiza Luke alikuwa na kitu, watazamaji wakampenda, barua zikamiminika. Waandishi wakaona biashara. Neno likaanza kuvuliwa nguo na kuvishwa nyingine: ubakaji ukaitwa kutongozwa. Wakatoroshwa pamoja, wakacheka pamoja, na kiangazi cha 1981 wakaiokoa dunia kutoka kwa tajiri Mikkos Cassadine aliyetaka kuigandisha kwa barafu. (Usiniulize. Tulitazama.) Mikkos akafa, ndiyo maana mjane wake Helena, yaani Elizabeth Taylor, akaja kuwalaani. Harusi ilionyeshwa tarehe 16 na 17 Novemba 1981, watu milioni 30 wakaitazama. Hakuna tamthilia ya mchana Marekani iliyofikia idadi hiyo kabla wala baada.

Mimi nilikuwa mmoja wa milioni hizo, na nilipiga makofi. Nilikuwa na dada wawili nyumbani Tabora na sikuwaza hata dakika moja.

Kijiti_Moto

Wazungu wana muda. Miaka zaidi ya 60 hospitali ileile na hakuna mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda nyumbani.

Halafu huyo jamaa si alimwoa? Sasa kesi ya nini?

Wakili_wa_Kijiweni

Kijiti, hiyo sentensi yako ya pili nimeisikia kwa wazee wa kata mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. "Tumeyamaliza kifamilia." Wanaketi baba wa huku na baba wa kule, inatajwa mahari, msichana anaitwa kutoka jikoni kuambiwa lini. Shahidi haji tena mahakamani.

Kwa hiyo usicheke Wamarekani na keki yao. Sisi tulikuwa na pilau.

Na kuna jambo limenishangaza nikisoma uzi huu. Niliwahi kuona mahali kwamba tamthilia yenyewe ililirudia jambo hilo mwaka 1998. Mwaka huohuo ndipo Bunge letu lilipitisha ile sheria ya makosa ya kujamiiana, SOSPA, kubaka ikawa kuanzia miaka 30 jela. Mzee wa Antena, hebu thibitisha hiyo ya 1998.

Mzee_wa_Antena

Ndiyo, 1998. Kwangu mimi ndiyo sehemu bora ya hadithi yote, kuliko harusi mara kumi.

Luke na Laura wana mtoto wa kiume, Lucky, kijana wa sekondari. Rafiki yake Elizabeth Webber anabakwa usiku wa Siku ya Wapendanao. Lucky ndiye anayemwokota, anakaa naye, anajifunza kumsikiliza. Anamchukia aliyefanya vile kwa chuki yote ya ujana wake. Katikati ya hayo anagundua kwamba baba yake, shujaa wake, ndiye alimfanyia mama yake jambo hilohilo kabla yeye hajazaliwa. Nyumba yote ilikuwa imejengwa juu ya shimo na hakuna aliyemwambia. Luke akalazimika kulitaja lile neno mbele ya mwanawe, bila disko wala muziki.

Mwandishi mvivu angeiacha harusi ipumzike. Wao walisubiri miaka 19, lakini walirudi kulipa. Ningekuwa mimi Mama Tunu, hilo ndilo ningemwambia yule binti.

Nesi_Mstaafu_Moshi

Mdogo wangu Mama Tunu, swali lako la Nikolas wamelisahau, kwa hiyo nalichukua mimi. Mwanangu yuko Maryland na nilikaa kwake miezi minane nikilea mjukuu, nikanaswa kama wewe.

Baada ya harusi Laura alitoweka, mapema 1982. Mwigizaji aliondoka, kwa hiyo ikabidi hadithi ijipange. Akadhaniwa kafa. Kumbe akina Cassadine walikuwa wamemteka, akaozwa kwa nguvu kwa Stavros, mtoto wa Helena, akazaa naye mtoto wa kiume. Mwaka 1983 akarudi kwa Luke. Kuhusu mtoto, kimya. Miaka ikapita. Akazaa Lucky, halafu Lulu. Mwaka 1996 Lulu, bado mchanga, uboho wake ukashindwa kutengeneza damu. Luke hafai kutoa, Laura hafai, Lucky hafai. Ndipo anapoingia kijana mrefu mtanashati asiyejulikana, uboho wake unaingiana na wa Lulu barabara. Luke anauliza huyu ni nani. Huyo ndiye Nikolas.

Watu husema hizi tamthilia zinatia chumvi. Chumvi ipo. Lakini hii ya damu kusema, wasiniambie. Nilikuwa wodi ya watoto, sitaji wapi. Baba kaja kumtolea mwanawe damu, mbio, jasho linamtoka, mtoto kapungukiwa vibaya kwa malaria. Mtoto kundi AB. Baba kundi O. Waliosoma wanajua: mzazi wa O hazai mtoto wa AB. Mama kasimama mlangoni ananitazama mimi, si mtoto. Nikamwambia yule baba, "Damu yako haikuingiana na ya mtoto, ila asante, tutaitumia kwa mgonjwa mwingine." Na kweli tukaitumia. Mama hakuwahi kunisemesha habari hiyo, ila kila Krismasi mpaka nastaafu alinitumia mkungu wa ndizi.

Ndiyo maana wanaweka hospitali. Duka au benki huwezi kumlazimisha mtu atoe damu. Hata ile ya 1994, BJ mtoto wa Daktari Tony Jones anakufa kwenye ajali ya basi la shule, moyo wake unapandikizwa kwa binamu yake Maxie, na Tony anainama kuusikiliza kifuani kwa mtoto wa ndugu yake. Hapo palinishinda. Nilitoka nje nikaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Huyo bibi yako, usimsahihishe. Muulize.

MamaTunu_Columbus

Nimerudi. Shikamooni wakubwa, na asanteni. Kijiti, wewe nakusamehe kwa sababu ile ya wagonjwa kutoruhusiwa imenichekesha.

Jana nilimuuliza. Nilisubiri kipindi kiishe, nikamkanda miguu kama kawaida, nikasema: bibi, yale aliyosema binti, mlikuwa mnajua? Wenyewe, mlipokuwa mnakula ile keki?

Akanyamaza hadi nikadhani kalala. Halafu akasema: "Tulijua. Wote tisa tulijua. Tuliona Oktoba, si tulikuwa tunatazama kila siku? Tulitaka iwe harusi nzuri basi."

Nikaendelea kukanda. Akasema tena, bila kunitazama: "Mimi niliolewa 1966. Hujawahi kuniuliza ilianzaje."

Wakuu, mikono yangu ilisimama. Picha ya mumewe iko pale juu ya kabati, kavaa suti, marehemu. Kila Jumatatu naifuta vumbi. Sikujua niseme nini kwa Kiingereza, na hata kwa Kiswahili nisingejua. Nikasema tu, "Pole bibi." Kwa Kiswahili hivyohivyo. Anaijua "pole", nilimfundisha.

Hakuongeza neno. Akaomba chai.

Sasa nauliza kama nesi kwa nesi: daftari la zamu nimwandikie binti? Au ninyamaze? Anasoma kila kitu.

Nesi_Mstaafu_Moshi

Daftari andika: amekula, amekunywa dawa, presha ngapi, amekandwa miguu, amelala saa ngapi. Basi. Kama hali yake ikibadilika, asile, asilale, alie usiku, hapo unaripoti, hiyo ni afya yake. Lakini alichokwambia ni cha kwake, na binti anaye, ana mdomo, atamwambia akitaka.

Kesho tazameni kipindi kama siku zote. Akitaka kuendelea, zima sauti kwanza ndipo umgeukie.

MamaTunu_Columbus

Nimekupata dada. Kesho naingia saa moja asubuhi.

Leo jioni kabla sijaondoka kaniomba kanda. Nikaitoa droo ileile ya cheti cha ndoa nikampa. Kaishika kidogo, kanirudishia, akasema nisiirudishe kule. Niiweke mezani, pamoja na rimoti.