Tupeane uzoefu: herufi ayini ya Kiebrania mnaitamkaje?

Mwanafunzi_wa_Agano: Wakuu, salaam. Nasoma Kiebrania cha Biblia, na herufi inayonisumbua kuliko zote ni ayini (ע), ya 16 katika alfabeti. Mhadhiri anasema tuipitie kimya kama alefu (א), herufi ya kwanza. Mimi sikubali. "Im" yenye alefu ni "ikiwa", yenye ayini ni "pamoja na". "Or" ya alefu ni nuru, ya ayini ni ngozi. Msikilizaji atajuaje? Mliosoma au kuishi na lugha hii, tupeane uzoefu.

Binti_Pwani: Usiiache, mkuu! Ni ileile ain tuliyofundishwa chuoni kwa kusoma Qur'ani, na ustadhi hakukuruhusu uivuke hovyo. Nimemsaidia jirani yangu anayesomea uchungaji. Nilimwambia aseme "aa", kisha avute shina la ulimi nyuma, koo libane huku sauti ikiendelea kutoka. Sauti ikikatika, hiyo ni alefu. Waswahili tumeipokea kwenye Ali, akili na saa tukabakiza irabu tu, ndiyo maana asiyepita chuoni huiona ngeni.

Shamba_Arava: Mimi nilikuwa Israeli kwenye mafunzo ya kilimo. Vijana niliofanya nao kazi hawaitamki kabisa, kwao alefu na ayini ni mamoja. Ila kulikuwa na mzee wa asili ya Yemen, akisoma sala unaisikia kila ayini inatoka kooni, na kila heti (ח, herufi nyingine ya kooni) pia. Wayahudi wa Yemen na Iraq wameitunza kwa sababu waliishi karne nyingi katikati ya Kiarabu. Waliotoka Ulaya waliipoteza, na matamshi yao ndiyo yaliyoshika mitaani. Kusema kweli, mzee yule alinifanya niipende lugha.

Katekista: Ubishi huu ni wa kale. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, katika kitabu cha Megila, ukurasa 24b, inakataza kuwatanguliza kuongoza sala watu wa Beit She'an, Haifa na Tivon, kwa kuwa walibadilisha alefu kuwa ayini na ayini kuwa alefu.

Lililonifungua macho mimi ni Gaza. Kwa Kiebrania mji huo ni Azza, unaanza na ayini. Hiyo "g" imetoka wapi? Waliotafsiri Torati na manabii kwa Kigiriki walisikia sauti nzito, karibu na "gh" ya ghali, wakaandika kwa gama, herufi ya "g" ya Kigiriki. Waarabu mpaka leo wanasema Ghazza. Gomora ni vilevile. Lakini Eli, Amosi na Obadia, ambao pia wanaanza na ayini, hawakupewa "g". Yaani herufi moja ilibeba sauti mbili, na Biblia zetu za Kiswahili bado zina alama ya jambo hilo. Tangu nilipolijua, nikisoma orodha za majina sizirukii tena.

Mwanafunzi_wa_Agano: Katekista, hiyo ya Gaza sikuwahi kuifikiria, ubarikiwe.

Binti_Pwani: Sasa fanya mazoezi kwa sauti. Jirani yangu anatumia Zaburi 119, aya ya 121 hadi 128. Kila aya hapo inaanza na ayini, nane mfululizo. Soma polepole, na ukichoka koo pumzika.